Bandari Zote Zimefungwa, Mama Anasalimia

Kazi yangu ni kushona maturubai. Duka langu liko Sultan Hamud, upande ule ambao malori husimama madereva wakienda kula, na kwa miaka mingi nimeshona maturubai ya kufunika mahindi na saruji, viti vya pikipiki, mapazia ya baa na mahema ya harusi. Mtu angeniambia kwamba siku moja nitashona tanga la mashua, tena nikiwa ndani ya mashua yenyewe katikati ya bahari, ningemwomba aniachie kazi yake aende, nitampigia ikiwa tayari.

Aliyenipeleka huko ni mwalimu wangu. Alinifundisha sayansi kimu katika shule ya wasichana mjini Kitui, enzi zile nikitoka Matinyani na sketi niliyojishonea mwenyewe. Alilifumua pindo lote siku ya kwanza, akanikalisha karibu naye, tukalishona upya pamoja. Tangu siku hiyo hatukuachana. Watu wa kwao, yeye na mumewe, ni Waislamu waliopanda kutoka pwani vizazi vingi vilivyopita, wakaoana na wenyeji, wakakaa mpaka Kikamba chao kikawa kizuri kuliko changu. Mumewe alikuwa fundi wa injini kwenye meli za mizigo. Hakuwahi kuwa nahodha hata siku moja, lakini Kitui ukishafanya kazi melini wewe ni Nahodha, basi.

Walipostaafu wote wawili, na watoto wamekwisha kujitegemea, walinunua mashua ya tanga huko Kilifi kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa amechoka nayo. Haikuwa kubwa. Ukiitoa majini ungeiegesha mbele ya duka langu bila kuziba mlango wa jirani. Ndani ilikuwa na vitanda vitatu, jiko la gesi lililoning'inizwa ili lisimwage sufuria mawimbi yakija, na choo cha kupampu kwa mkono ambacho kilihitaji mtu mwenye imani.

Tanga lake kubwa lilikuwa limeraruka. Nahodha alilileta dukani limekunjwa nyuma ya pikapu, tukalitandaza uwanja wa nyuma, nikakaa nalo karibu wiki nzima. Kitambaa kile kilikuwa kigeni kwangu: kigumu, kinateleza, kinakataa pini. Nahodha alikaa kando yangu juu ya ndoo akinieleza kila upande wa tanga unavutwa na nini, na mimi nikamweleza kwa nini uzi wa lori haufai na wa viatu unafaa. Nilipomaliza alipitisha kidole kwenye mishono yote. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeulizia bei ya mbuzi na hataki kuonekana anamtaka sana:

"Tunaenda Madagaska, halafu turudi upepo ukigeuka. Mwalimu anasema twende na wewe. Watu wawili hatutoshi. Mmoja akilala, mwingine anasinzia."

"Mimi sijui kuogelea, Mzee."

"Hata mimi si sana. Kazi ya mashua ni kuhakikisha hauogelei."

Nilicheka nikasema nitafikiria, ingawa nilikuwa nimeshafikiria tangu siku ya pili nikiwa nimepiga magoti juu ya lile tanga. Nilikuwa sijaolewa, sikuwa na mtoto wa kuacha, na mpaka pekee niliowahi kuvuka ulikuwa ule wa Makueni na Kitui. Mwenzangu wa dukani ni mama mwenye mkono mwepesi kuliko wangu. Duka lingekwenda bila mimi.

Iliyobaki ilikuwa ni Mama. Nilimkuta nyumbani Matinyani, kwenye kivuli cha ghala, akipepeta ndengu. Nikamweleza yote bila kuzungukazunguka, maana Mama ukimzungusha anakuacha uzunguke peke yako.

"Hiyo mashua iko na dereva?" akauliza.

"Iko na Nahodha, yule bwana wa Mwalimu."

"Na usiku mnaegesha wapi?"

"Hatuegeshi, Mama. Inaendelea tu."

Akaacha kupepeta. "Inaendelea na nani?"

"Tunapokezana. Mmoja anaangalia, wengine wanalala."

Akauweka ungo mapajani. "Na maji ya kunywa?"

"Tunabeba kwa mitungi."

"Mko ndani ya maji, na mnabeba maji."

"Ndiyo, Mama. Ya bahari ni chumvi."

"Basi hapo hata mimi naweza kukaa," akasema, akaendelea kupepeta. "Kubeba maji tumezoea."

Ndivyo alivyonipa ruhusa. Jumapili hiyo mchungaji aliniita mbele, akina mama wa kanisa wakaniwekea mikono kichwani na mabegani, na mmoja akamwomba Mungu aifunge midomo ya nyangumi wote kwa jina na kwa kabila. Niliondoka na gunia la ndengu na debe la muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, kana kwamba nilikuwa nikipelekwa bweni.

Tulitoka Kilifi mwanzoni mwa mwaka ule ambao hakuna aliyejua utakuwa mwaka gani. Siku za kwanza nilitapika kila nilichokula na vingine ambavyo sikumbuki kuvila. Mwalimu alinifunga kamba kiunoni, akanipa tangawizi ya kutafuna, akaniambia niangalie mbali, pale maji yanapokutana na mbingu, nisiangalie miguu yangu. Asubuhi moja niliamka na njaa. Nikapika muthokoi na maharagwe, tukala tukiwa tumekumbatia bakuli, na tangu hapo bahari na mimi tukaheshimiana.

Tukafika Madagaska salama, kwenye ghuba moja ya kisiwa kidogo chenye vilima vya kijani. Pasipoti yangu ikapigwa muhuri wake wa kwanza. Nilienda sokoni nikanunua vanila na kofia ya ukindu. Nilimpigia Mama nikamwambia watu wa huku wanakula wali asubuhi, mchana na jioni, akasema hiyo ndiyo nchi yake.

Kisha habari za ugonjwa zikaanza. Mwanzoni zilikuwa mbali, kwenye nchi za watu wengine. Halafu siku moja maafisa wawili walikuja kwa boti ya mpira, nyuso zao zimefunikwa, wakasimama mbali kidogo na mashua yetu wakapaza sauti. Mwalimu, ambaye Kifaransa chake cha shule kilikuwa hakijatumika tangu ujana wake, alisikiliza akiwa ameshika sikio, kisha akatutafsiria: "Tusishuke. Tukitaka kuondoka tuondoke, lakini tukiondoka haturudi."

Ghubani mlikuwa na mashua nyingine kama yetu, kila moja na bendera yake, na watu ambao hadi jana walikuwa wakijifikiria kuwa huru kuliko watu wote. Sasa hakuna aliyekuwa na pa kwenda. Kila asubuhi mmoja wetu alisoma kwenye redio majina ya nchi zilizofunga bandari, kwa sauti ileile ya matangazo ya vifo. Visiwa vya mashariki vimefunga. Afrika Kusini imefunga. Watu walijibu mmoja mmoja, wamesikia. Kenya nayo ilisimamisha ndege na kuweka kafyu, na mtoto wa Nahodha aliyeko Kitui akatuandikia kwamba Mombasa na Kilifi hakuna kuingia wala kutoka.

Tulikuwa na kidude cha kutumia setilaiti ambacho kilipeleka ujumbe mfupi tu, na mtoto huyo ndiye aliyekuwa daraja kati yangu na Matinyani. Yeye alimpigia Mama simu, Mama akasema yake, naye akayapunguza yatoshe. Mama haongei mafupi. Najua kwamba alimweleza habari za mvua, za mbuzi aliyezaa pacha, za kanisa kufungwa na jinsi akina mama walivyokuwa wakiomba kwa simu, kila mmoja kwake, wakigawana muda wa maongezi. Mimi huku nilipokea: "Mama anasalimia. Zaburi 107." Nilifungua Biblia nikakuta ni ile ya watu washukao baharini katika merikebu. Nilimsomea Mwalimu, naye akasema anaijua habari hiyo pia, akanisimulia jinsi Nabii Yunus alivyoomba akiwa tumboni mwa samaki. Tulikaa pale mbele ya mashua tukilinganisha, Nahodha akatuomba tusimzungumzie samaki wakubwa mtu aliye juu ya maji.

Maisha ya kungoja yalinishangaza kwa jinsi nilivyoyazoea upesi. Maji ya kunywa yalipopungua hakuna aliyetufundisha chochote. Sisi watatu tumekulia Kitui. Tulioga kwa kikombe, maji ya kuoshea mboga yakaoshea vyombo, na mvua ilipokuja tulikuwa tumeshatandaza turubai kuikinga kabla jirani zetu hawajavaa makoti. Mboga zilipokwisha niliotesha ndengu za Mama kwenye kitambaa kibichi. Zilichipua nyeupe na nene, tukazila na ndimu. Jirani yetu wa karibu alikuwa mzee Mreno aliyesafiri peke yake na paka. Nilimpelekea bakuli la muthokoi kwa kulifunga kwenye kamba na kuliacha lielee ndani ya ndoo hadi kwake. Alilirudisha tupu, na ndani yake samaki wawili wakavu na swali: linapikwaje?

Nahodha alimjibu kwa redio kwa niaba yangu. "Unachemsha mpaka uchoke. Ukishachoka, unaendelea."

Ni katika ghuba hiyo nilipojifunza kuogelea. Mwalimu aliamua. Alishuka majini na dera lake kama mtu anayeingia darasani, akanyoosha mikono, akaniambia nilale juu yake. Nililala nimekakamaa kama mlango. Akasema, "Legea." Nikasema nimelegea. Akasema, "Hata nywele zako hazijalegea." Siku zilipita hivyo. Mreno alitazama kutoka kwake, paka naye akatazama. Kisha adhuhuri moja niligeuza uso nikaona Mwalimu amekunja mikono yake kifuani, yuko mbali nami, na maji yamenishika yenyewe. Sikupiga kelele. Niliogopa nikipiga kelele yataniachilia. Nilipiga miguu polepole hadi kwenye ngazi, nikaishika, nikalia kidogo, nikacheka. Nikamtumia Mama habari. Jibu lilikuja kesho yake: "Mama anasalimia. Anauliza kwa nini umeingia."

Upepo ukaanza kugeuka. Ule uliotuleta kusini ulikata, na wa kuturudisha kaskazini ukaanza kujaribu nguvu zake. Tulikuwa tumeambiwa sasa kwamba raia wanaorudi nyumbani kwa mashua watapokelewa Kilifi, ila watakaa ndani ya mashua mpaka waonekane hawana ugonjwa. Lakini kati yetu na Kilifi hapakuwa na bandari hata moja iliyokuwa wazi. Kitu kikiharibika, ni sisi na vidole vyetu. Nahodha alitukalisha chini, akasema hataamua peke yake.

"Hapa tuna samaki na watu wazuri," akasema. "Tunaweza kungoja miezi mingine."

Mwalimu alikuwa akishona kifungo. Akasema bila kuinua macho, "Mimi nataka kufungiwa kwetu. Kama ni kafyu, iwe ya Kitui."

Wakanitazama mimi. Nilijiuliza kama ninaogopa, nikajiona naogopa, lakini si zaidi ya nilivyokuwa nimechoka kumsikia Mama kwa maneno mawili mawili. Nikasema twende.

Siku tuliyong'oa nanga mashua zote za ghuba zilipuliza honi zao. Mreno alitupitishia zawadi kwa ile ndoo ya muthokoi: sindano nene za kushonea tanga, na kipande cha ngozi kinachovaliwa kiganjani ili sindano isukumwe bila kutoboa mkono. Alikuwa ameona kwenye mashua yetu nani ni fundi.

Safari ya kurudi ilianza vizuri kiasi kwamba tulikuwa tunaiogopa. Kisha tukagundua kwamba tangi moja la maji limeingia chumvi. Tulielekea Komoro, tukasimama mbali na ufuo, na boti ya doria ikatujia upesi. Afisa wake alituonyesha kwa mkono turudi tulikotoka. Nahodha akamsalimia kwa Kiswahili cha wazazi wake, kile cha pwani ambacho Kitui hukitoa siku za harusi tu. Afisa akajibu kwa lugha yake, ambayo tuliielewa nusu, kama mtu anayeongea nyuma ya pazia. Nusu hiyo ilitosha. Alituambia kushuka haiwezekani, hata anayeomba awe baba yake. Lakini alichukua mitungi yetu kwa kamba, akaenda, na baada ya saa nzima akairudisha imejaa, imepulizwa dawa mpaka ikanukia hospitali, na juu ya mmoja amefunga mapapai matatu.

"Salimieni Mombasa," akasema.

"Imefungwa," Nahodha akajibu.

"Ikifunguliwa."

Nilifikiri hilo ndilo litakuwa jambo kubwa la safari. Lakini siku chache baadaye, asubuhi, upepo umepanda na mawimbi yakitusukuma kwa nyuma, nilikuwa naosha vikombe niliposikia mlio kama wa shuka kubwa inayopasuliwa na mtu mwenye hasira. Nikatoka. Tanga kubwa lilikuwa limepasuka kutoka ukingoni hadi karibu na mlingoti, na vipande vyake vikipiga hewa kwa sauti ambayo sitaisahau. Mashua ikapoteza mwendo na kuanza kuyumba ovyo. Nahodha na Mwalimu walilishusha wakining'inia juu yake kwa uzito wao wote. Mimi nilitambaa hadi lilipoangukia, na nakiri kwamba kitu cha kwanza nilichotafuta ni mshono wangu wa Sultan Hamud. Ulikuwa mzima. Tanga lilikuwa limepasuka kando yake.

Nahodha aliuona pia, akihema. "Uzi wako umekataa kukatika," akasema. "Ni kitambaa kimechoka."

Tulijaribu kuita bandari iliyokuwa karibu, tukajibiwa tukae mbali. Injini ilikuwepo, lakini mafuta hayangetufikisha nyumbani. Tulibakiwa na tanga dogo la mbele, ambalo lilitusogeza kama mgonjwa anayesindikizwa chooni. Basi tukalivuta lile kubwa hadi nyuma, penye nafasi, nikavaa ngozi ya Mreno kiganjani, nikakaa chini nikaanza.

Sijawahi kushona vile wala sidhani nitashona tena. Dukani nguo hutulia ukaenda nayo. Hapa kila kitu kilikuwa kinasogea: kitambaa, sakafu, sindano, hata mimi. Nilipochoma sindano mashua ilipanda, nilipoivuta ilishuka. Mwalimu alikaa mkabala nami akiushika mpasuko kwa vidole vyake viwili viwili, mbele ya sindano, kama tulivyoshika lile pindo la sketi nikiwa mtoto. Alikuwa akipaka uzi nta ya mshumaa na kunipitishia, na tulipokosa kitambaa cha kuwekea viraka tulikata begi la bluu la kuhifadhia tanga. Nahodha alishika usukani na kujaribu kutuwekea mashua sawa. Kila nilipotapika alinipa kikombe cha maji bila kugeuka.

Mchana kati niliona damu kwenye kitambaa cheupe, nikatafuta imetoka wapi, ikawa ni ya kwangu. Nikamwambia Mwalimu sidhani nitamaliza.

"Umefika wapi?"

"Hata nusu sijafika."

"Basi usimalize," akasema. "Fika nusu."

Nikafika nusu. Tukala ndengu baridi. Kwa sababu nilikuwa nimeshafika nusu, niliona aibu kuiacha nusu nyingine. Tulimaliza kesho yake jua likiwa juu. Lilikuwa tanga baya kuliko yote niliyowahi kuona, limejaa viraka vya bluu na mishono minene kama makovu, na Nahodha alipolipandisha nilifumba macho. Niliposikia mashua inainama kidogo na maji yanaanza kuongea ubavuni, nikajua limeshika. Nilipofumbua, Mwalimu alikuwa amelala palepale alipoketi, uzi bado mkononi.

Lilitufikisha Kilifi. Tulipandisha bendera ya manjano, ile ya kusema tunaomba kukaguliwa, tukatia nanga pale tulipoelekezwa. Maafisa wa afya walikuja wamevaa nguo nyeupe mwili mzima. Mmoja wao, kijana kwa sauti, aliangalia pasipoti yangu, akaangalia tanga, akaniangalia mimi.

"Mama, wewe umezaliwa Kitui?"

"Matinyani."

"Na umetoka Madagaska kwa hii."

"Ndiyo."

Akanirudishia pasipoti. "Mimi pia ni wa huko, Mwingi," akasema. "Nyumbani wanafikiri naongopa nikiwaambia nafanya kazi ndani ya boti."

Alitupima, akatuambia tukae ndani ya mashua wiki mbili, na kila alipopita kutukagua alituletea kitu: mkate, nyanya, siku moja chapati za mke wake. Hizo wiki mbili zilikuwa nyepesi. Simu zilishika. Nilimpigia Mama, naye akaongea kutoka asubuhi mpaka simu ikapata moto, sikumkatiza hata mara moja.

Kilifi ilipofunguliwa nilipata lifti ya lori la dereva mteja wangu, aliyekuwa akirudi bara kupitia barabara ya Mariakani ili tusiingie Mombasa. Tulisimama Kambu kununua tikitimaji. Mama aliyekuwa akiuza aliniuliza natoka wapi, nikajibu kweli: Madagaska. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akaliweka tikiti chini katikati yetu, akaniambia nilichukue na nisimpe pesa yoyote. Sultan Hamud nikakuta mwenzangu amegeuza duka kiwanda cha barakoa. Alikuwa akizishona kwa bitana ya mapazia ya basi, zikiwa na maua, na madereva walizipenda. Aliniambia niende nikamwone Mama kwanza, kazi ipo.

Mama alikuwa langoni. Alikuwa ameweka ndoo yenye bomba, sabuni, na alama ya fimbo kwenye mchanga ambayo sikupaswa kuivuka. Yeye mwenyewe amevaa barakoa na kitambaa cha kichwa cha Jumapili.

"Nawa," akasema. Nikanawa. "Nawa tena." Nikanawa tena. Akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Umekuwa mweusi. Na umenenepa mikono."

"Ni kuvuta kamba, Mama."

"Mwana wakwa, mwanangu," akasema, na hapo barakoa ikaanza kulowa, akaivuka ile alama yake mwenyewe akanishika kichwa kwa mikono miwili. Baadaye alikumbuka sheria, akanipeleka nilale kwenye chumba cha nje kwa siku kadhaa, lakini alikuwa ameshanishika.

Akina mama wa kanisa walikuja kunisalimia wakiwa nje ya ua, wamepangana kwa nafasi kama walivyoambiwa. Walitaka kujua ombi la nani lilifika kwanza. Yule wa nyangumi aliuliza kama niliwaona, nikamwambia niliona mmoja, mbali, akipumua, na alinyamaza kimya kweli. Aliridhika sana. Kisha Mama akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza sadaka, "Anajua kuogelea. Waonyeshe."

"Nitaogelea wapi, Mama?"

Akaniletea kigoda cha jikoni. Basi nililala kifudifudi juu ya kigoda katikati ya kiwanja chetu, kuku wakikimbia, nikapiga mikono na miguu kama Mwalimu alivyonifunza, na kando ya ua wanawake wazima walishika matumbo wakicheka mpaka barakoa zikawavuka. Mmoja akauliza kama mtu anaweza kujifunza bila maji kabisa. Nikamwambia sehemu kubwa ni kulegea. Mama akasema hilo ndilo gumu.

Nahodha na Mwalimu bado wana mashua. Wanaondoka mwaka baada ya mwaka, na mara nyingine huenda nao. Habari za lile tanga la viraka zilitembea ghubani Kilifi, na sasa watu wenye mashua hunitumia matanga yao kwa basi, yamefungwa kwa kamba, nami nayashona pamoja na maturubai yangu. Makubwa hayaenei uwanja wa duka, kwa hiyo nayapeleka Matinyani, kwenye uwanja wa shule wakati wa likizo, asubuhi kabla upepo haujaamka. Tunafukuza mbuzi, tunayatandaza, na pembe moja huwa na Mama. Amejiletea kiti chake. Hukaa juu ya ukingo wa kitambaa na vitunguu vyake vya kumenya, miguu imenyooshwa, akisema kazi yake ni kuhakikisha hakiondoki.